Karatasi za Majaji wa Mikelenge

Ukitaka kufika Kindu kwa reli ukitokea Ziwa Tanganyika, unaanzia Kalemie, unapita Nyunzu mpaka Kabalo, kisha unashika njia ya kaskazini hadi Kongolo, ambako treni inavuka Lualaba juu ya daraja la chuma. Kutoka hapo msitu unaanza kukusogelea dirishani. Kwenye vituo vya Samba na Kibombo akina mama walikimbia kando ya mabehewa wakinadi ndizi mbivu, mihogo ya kuchemsha na samaki wa moshi. Behewa letu lilijaa magunia ya dagaa wa Kalemie na mahindi. Abiria wenzangu waliniambia kwamba safari ya kurudi magunia hayo hayo hujazwa mchele wa Maniema, na madumu yaliyokwenda matupu hurudi na mawese. Habari ya saa ya kufika hakuna aliyeiuliza.

Nilikuwa nakwenda Mikelenge, moja ya komuni tatu za mji wa Kindu. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi wa mto, Alunguli iko ng'ambo, na daraja la kuziunganisha hakuna. Watu huvuka kwa mitumbwi, ya kasia na ya mashine. Kalemie nilikuwa nimefahamiana na mwalimu mmoja wa fizikia, mzaliwa wa Mikelenge, ambaye likizo zake zote huzimalizia nyumbani. Yeye na vijana wa mtaani kwao hukutana kusoma na kutazama bunilizi za kisayansi: habari za maroketi, za sayari nyingine, za miji ambayo haijajengwa bado. Safari hii waliazimia kufanya jambo kubwa zaidi ya mazoea yao, siku nzima ya filamu, usomaji na mashindano ya mavazi, kila mtu akichanga kidogo. Mwalimu aliniomba nije niwasimulie makongamano makubwa ya duniani yanavyoendeshwa. Nilikubali kwa moyo wote. Hadithi hizi nimezisoma tangu shule ya msingi, na malalamiko ya wasomaji wenzangu kuhusu namna makongamano yao yanavyosimamiwa nimeyafuatilia kwa miaka, kwa sababu naamini ndani yake kuna jambo linalotuhusu sana.

Reli yenyewe niliyosafiria ilikuwa, siku zake, kitu cha kubuni. Kampuni iliyoijenga iliundwa mwaka 1902 na Édouard Empain, tajiri wa Ubelgiji ambaye kampuni zake ndizo zilizojenga pia Metro ya Paris. Mpango ulikuwa kuunganisha vipande vya mto vinavyopitika kwa meli kwa kujenga reli pale penye maporomoko. Kipande cha Kisangani hadi Ubundu kilifunguliwa mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya Jules Verne, mwandishi wa bunilizi za kisayansi, kufariki. Cha Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, kikafuata mwaka 1911, na mwaka 1915 reli ikagusa ziwa pale Kalemie. Mji wa Kindu ukapewa jina la tajiri huyo, ukaitwa Port-Empain. Mamia kwa mamia ya watu walioshurutishwa kubeba mataruma na kuchimba tuta hawakupewa hata kibao kimoja. Nilikuwa nikiwaza hayo treni ilipopunguza mwendo kuingia Kindu: kila ndoto kubwa ya uhandisi ina kamati yake, na ina watu wanaoilipia ambao hawaulizwi kitu.

Mwalimu alinipokea na pikipiki mbili, moja ya kwangu na nyingine ya mzigo wangu. Jioni ile tulikula wali na sombe na samaki wa mtoni nyumbani kwa mama yake, na nyumba ikajaa vijana waliokuja kumwona "Papa mgeni". Walikuwa na maswali mengi, lakini kwanza walitaka nijue kwamba Kongo si mgeni wa maroketi. Mmoja alinieleza habari za kampuni ya Kijerumani ya OTRAG, iliyorusha maroketi ya majaribio kutoka mkoa wa Shaba mwaka 1977 na 1978 kwa ruhusa ya Rais Mobutu. Mwingine akamkatiza, akasema hayo ni ya Wazungu, yeye anamhesabu Jean-Patrice Keka, mhandisi Mkongo aliyerusha maroketi yake ya Troposphère kutoka Menkao, mashariki ya Kinshasa, na mwaka 2009 akampakia panya kwenye Troposphère ya tano. Panya hakurudi. Kijana alilisimulia jambo hilo kwa heshima kamili, nami nikamsikiliza vivyo hivyo.

Siku yenyewe ilipangwa kuanza saa tatu asubuhi katika ukumbi wa shule moja. Ilianza baada ya saa sita. Jenereta ya kukodi ilifika bila mafuta, mafuta yalipofika projekta haikuwa na waya unaoingia kwenye kompyuta, na waya ulipopatikana mwenye funguo za chumba cha viti alikuwa amekwenda msibani. Watu walikaa juani, wengine wakaondoka. Waliobaki walitazama mashindano ya mavazi, ambayo yalisogezwa mbele kwa kuwa hayahitaji umeme. Mavazi hayo yalikuwa ya kupendeza kweli. Kuna kikundi cha wasanii wa Kinshasa, Kongo Astronauts, wanaotembea mitaani wakiwa wamevaa mavazi ya wanaanga yaliyotengenezwa kwa mabaki ya vyombo vya elektroniki. Sijui kama washindani wa Mikelenge waliwahi kuona picha zao, ila wazo lilikuwa limesafiri.

Vazi moja nililitazama kwa karibu sana. Lilikuwa la msichana wa Alunguli, mwanafunzi wa ushonaji. Ovaroli yake aliishona kwa magunia ya mchele, maandishi ya gunia yakiwa yamegeuzwa ndani ili nje pabaki peupe. Kofia ilikuwa bidoni ya lita ishirini iliyokatwa usoni na kuwekwa plastiki ya chupa. Mgongoni alibeba ubao wenye diski za muziki zilizopangwa safu kwa safu kuwa paneli za jua, na chini yake nyaya za redio iliyokufa zikishuka hadi kwenye taa ndogo nyekundu kifuani, ambayo iliwaka kweli kwa betri. Alipogeuka, mwanga wa diski ulitapakaa dari nzima ya ukumbi na watoto wakapiga kelele. Nilikuwa na hakika kwamba ameshinda. Majina ya washindi yaliposomwa, lake halikuwemo hata katika watano. Wa kwanza alikuwa kijana mdogo aliyevaa roboti ya maboksi, na zawadi, taa ya sola, alikabidhiwa hapo hapo. Kijana huyo ni mpwa wa mwenyekiti wa waandaaji.

Filamu ilionyeshwa usiku. Ilikuwa Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya mwaka 2009, ya dakika zipatazo ishirini tu. Ni habari ya dunia iliyokauka baada ya vita vya maji. Watu wanaishi chini ya paa lililofungwa, wanakusanya jasho na mkojo wao kuusafisha wanywe tena, na umeme wao wanauzalisha wenyewe kwa kuchezesha mashine za mazoezi. Asha, mlinzi wa jumba la makumbusho ya viumbe vya zamani, anapokea udongo wenye unyevu na kuutoroka mji ule ili akapande mbegu. Filamu hiyo nimeiona mara nyingi. Sijapata kuiona mahali ambapo hatua chache kutoka mlangoni unapita mto mkubwa kama Lualaba na bado mabinti wanatembea na ndoo vichwani. Ukumbi ulikuwa kimya. Kisha, pale Asha anapokanyaga mashine yake, jenereta ikakata. Ilikuwa imekula mafuta yote. Mtu akapaza sauti gizani kwamba tulete baiskeli tukanyage na sisi, na hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mtu alikuwa amechanga.

Kesho yake, chini ya paa la makuti nyuma ya shule, ukafanyika mkutano ambao kwangu ulizidi filamu kwa thamani. Haukuwa kwenye ratiba. Vijana waliuitisha wenyewe, na mwenyekiti, fundi seremala wa makamo anayeheshimiwa mtaani, alikuja akiwa amekunja uso. Malalamiko yalimiminika. Saa. Mafuta. Kwamba ratiba haikuacha nafasi kwa sala ya alasiri, na katika mji wenye Waislamu wengi kama Kindu hilo mtu halisahau ila hakujali. Kwamba filamu iliwekwa usiku, na wasichana wengi hawaruhusiwi kuwa nje saa hizo. Kwamba maneno yanayotokea kwenye skrini ya Pumzi yalikuwa ya Kiingereza na hakuna aliyewasomea wenzake kwa Kiswahili wala Kifaransa. Mwenyekiti alijibu kila moja kwa jibu lile lile: tulijitolea, hatukulipwa, mtushukuru.

Jibu hilo nimelisikia pia kutoka mbali. Ndilo linalotolewa karibu kila mara mashabiki wa Worldcon, kongamano la dunia la bunilizi za kisayansi, wanapolalamika, kwa maana nako waendeshaji ni watu wa kujitolea. Nikaombwa kusema, nikaanza na mwanzo wake. Worldcon ya kwanza ilifanyika New York Julai 1939, ikahudhuriwa na watu wapatao 200, na siku ile ile ya kwanza vijana sita wa kikundi kimoja walizuiwa mlangoni kwa sababu waandaaji waliwahofia na fikra zao za kisiasa. Miongoni mwao alikuwa Frederik Pohl, ambaye baadaye alikuwa mwandishi na mhariri mkubwa wa hadithi hizo hizo. Kongamano na manung'uniko yake vilizaliwa siku moja.

Kisha nikawaeleza Chengdu, na hapo watu walisogeza viti. Mwaka 2021 wapiga kura waliichagua Chengdu ya China iandae kongamano la 2023. Ilipata kura 2,006, Winnipeg ya Kanada ikapata 807. Mambo hayakuanza vizuri: tarehe ikahamishwa kutoka Agosti hadi Oktoba, na mahali pakabadilishwa, likajengwa jumba jipya la makumbusho kwa haraka ya kushangaza. Watu wengi walifurahia kongamano lenyewe, hasa wasomaji wa Kichina ambao walikuwa wamelingojea kwa miaka. Shida ilikuwa kwenye tuzo ya Hugo, ile inayopigiwa kura na wanachama. Katiba ya chama kinachosimamia Worldcon inataka takwimu za upigaji kura zitangazwe ndani ya siku 90. Waandaaji walingoja mpaka siku zikakaribia kwisha, wakazitoa tarehe 20 Januari 2024. Mashabiki wakazisoma mstari kwa mstari. Wakakuta kwamba riwaya ya Babel ya R. F. Kuang, iliyokwisha kushinda tuzo ya Nebula, ilipendekezwa na watu wa kutosha kabisa kuingia fainali, lakini mbele yake pameandikwa tu kwamba haistahili. Hivyo hivyo kwa mwandishi Xiran Jay Zhao, kwa mwandishi shabiki Paul Weimer, na kwa kipindi kimoja cha tamthilia ya The Sandman. Sababu? Hakuna. Msimamizi alipoulizwa alirudia kwamba kanuni zimefuatwa.

"Mambo ya siri ya majaji," akasema msichana wa Alunguli kwa sauti ya chini. Aliyarudia maneno ambayo mwenyekiti alikuwa amemwambia yeye asubuhi ile.

Niliendelea. Mwezi mmoja baadaye, Februari 2024, waandishi Chris Barkley na Jason Sanford walichapisha ripoti iliyotokana na barua pepe alizozitoa mmoja wa waliokuwa ndani ya kamati, Diane Lacey. Barua zilionyesha kwamba wasimamizi, Wamarekani na Wakanada, walikaa wakichambua walioteuliwa mmoja mmoja wakitafuta chochote kinachoweza kuiudhi serikali ya China: nani aliandika nini, nani alikwenda wapi. Weimer aliandikwa kwamba aliwahi kwenda Tibet. Alikuwa amekwenda Nepal. Mtu aliondolewa kwenye heshima ya maisha yake kwa kosa la ramani, na asingejua kamwe kama kanuni ile ya siku 90 isingekuwepo na kama kundi la wasomaji wakaidi lisingekaa na kalamu kukagua hesabu.

Wenzao wa Glasgow, waliofuata mwaka 2024, walichukua njia nyingine. Waligundua kura 377 za udanganyifu kati ya kura 3,813 zilizopigwa. Baadhi ya majina ya wapiga kura yalikuwa tafsiri ya tarakimu zinazofuatana. Walizifuta na wakatangaza mwezi Julai, kabla ya matokeo, wakieleza walichokiona na walichokifanya, na kwamba hawana ushahidi kuwa mshindani aliyependelewa alihusika. Manung'uniko yalikuwepo, lakini yalikuwa na kitu cha kushika. Mwaka uliofuata Seattle ikaingia lawamani kwa kutumia ChatGPT kuwachunguza watu waliopendekezwa kuzungumza jukwaani. Wakaomba radhi, wakarudia kazi hiyo kwa mikono ya binadamu. Hilo vijana wa Mikelenge walilielewa upesi kuliko nilivyodhani, na mmoja akauliza kama mashine ile inamjua mtu wa Kindu.

Nilipomaliza, mtunza hazina aliinuka bila kuombwa. Ni msichana wa Chuo Kikuu cha Kindu, anasoma uchumi, na alikuwa na daftari la kawaida la shule, jalada lake limefungwa kwa karatasi ya gazeti. "Aksanti, Papa. Nitasoma yote," alisema, akasoma. Waliochanga, jina kwa jina. Kukodi jenereta. Mafuta, mara tatu, na kila mara bei ilikuwa imepanda. Viti. Projekta. Chakula cha majaji. Maandazi. Mwisho ukaja mstari ulioandikwa "mambo mengine", na kiasi chake kilizidi cha mafuta yote. Pakawa na kelele. Mwenyekiti akataka kuondoka, wazee wawili wakamshika mkono, akakaa. Ilimchukua muda kueleza, na alieleza akitazama chini: fedha zile zilitumika kupata kibali cha kutumia ukumbi, na nyingine kumtuliza mtu ambaye angeweza kuufunga mkutano. Hakuna aliyeshangaa. Kilichowauma ni kwamba hawakuambiwa, na kijana mmoja alilisema wazi: "Tulitosha franga zetu, tulikuwa na haki ya kujua hata hiyo."

Ndipo binti wa Alunguli aliposimama. Hakupandisha sauti. "Mimi nilivuka na nguo yangu kwa mtumbwi, nililipa yangu na ya nguo. Nikishindwa nitapiga makofi. Lakini munionyeshe pointi zangu, na jina langu iko wapi."

Mwenyekiti alimtazama mwalimu, na mwalimu, aliyekuwa mmoja wa majaji, akawatazama wenzake wawili. Kisha mwalimu akatoa mfukoni karatasi tatu za daftari la miraba, zimekunjwa mara nne. Alikuwa amekuja nazo. Nadhani usiku kucha alikuwa anajadiliana na nafsi yake. Zilipitishwa mkono kwa mkono, na zilipofika kwangu nilizisoma. Jaji wa kwanza alimpa msichana yule nane. Wa pili saba. Kwenye karatasi ya tatu, mbele ya jina lake, palikuwa na kistari kifupi tu, na pembeni, kwa penseli: "sikuwepo". Jaji wa tatu ndiye aliyetumwa kutafuta mafuta, na zamu ya Alunguli ilifika yeye akiwa kituo cha petroli. Aliyejumlisha alikihesabu kistari kuwa sifuri. Roboti wa maboksi alikuwa na saba, saba, saba.

Hapakuwa na hila, basi. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu usiku uliotangulia mtaa mzima ulikuwa umeshaamua kwamba mjomba alimpa mpwa zawadi, na fundi seremala yule angebaki na doa hilo mpaka kaburini. Karatasi zilimwokoa yeye sawasawa na zilivyomtetea msichana. Niliona mabega yake yakilegea. Wenzangu wengi wanaoandika kuhusu makongamano haya huwaona walalamikaji kama watu wasioridhika na chochote. Mimi nawaona ndio wanaolibeba kongamano. Asiyejali hulala nyumbani. Anayejali huja kesho yake chini ya makuti kuuliza habari ya kistari.

Mabishano juu ya taa hayakwisha mara moja. Kuna waliosema wastani wa majaji wawili ni saba na nusu, kwa hiyo taa ivuke mto. Wengine wakasema mtoto ameshailaza taa kichwani mwa kitanda, huwezi kumnyang'anya. Mama wa mtoto, aliyekuwa akipita na karai la mchele, alisimama akasikiliza, akasema yeye hana neno lakini mtoto huyo wao wenyewe ndio wakamwambie.

Jioni tulikwenda ukingoni, mimi, mwalimu, mtunza hazina na vijana wengine wachache, kumsindikiza msichana wa Alunguli na bidoni yake. Tukingoja mtumbwi ujae, waliniuliza kama Worldcon iliwahi kuja Afrika. Haijawahi. Tangu 1939 imekwenda Amerika ya Kaskazini, Ulaya, Australia, Japani, China. Kigali, mji mkuu wa Rwanda, iliomba ya mwaka 2028, ikashindwa na Brisbane katika kura iliyotangazwa Seattle Agosti 2025. Mazungumzo yalibadilika sauti. Mmoja wao ana dada aliyekimbia Goma tangu waasi wa M23, ambao Rwanda inadaiwa kuwasaidia, walipoingia Januari mwaka ule ule, na alisema kwamba kwake yeye, kwa sasa, Brisbane na Kigali ni umbali uleule. Mwenzake akampinga taratibu: vita vina mwisho, lakini kongamano likizoea kutokuja Afrika halitakuja. Hakuna aliyetaka kumshinda mwenziwe katika hilo, wala mimi sikuona sababu ya kuamua kati yao.

Niliwaambia ninaloliamini. Malalamiko makubwa kuliko yote kuhusu Worldcon hayajaandikwa na waliohudhuria. Ili upige kura ya kuchagua mji unalipa uanachama, kwa Seattle ulikuwa dola 50, na juu yake ada nyingine ya kura. Ili ufike unahitaji viza, na viza haziangalii umeandika nini: Oghenechovwe Donald Ekpeki wa Nigeria alinyimwa ya kwenda Chicago mwaka 2022 wakati jina lake likiwa kwenye orodha ya wanaowania Hugo. Kamati inaweza kuendesha kila kitu kwa saa kamili, ikatangaza kila takwimu, na bado hesabu ikawa na kistari kirefu mahali pa bara zima. Nataka kistari hicho kiulizwe kila mwaka, kwenye mkutano wa wanachama, mpaka kipate jibu.

"Sisi tumezoea," mwalimu alisema. Alikuwa anafikiria mpira. AS Maniema Union, timu ya Kindu iliyoanzishwa mwaka 2005, iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024–25, kundi moja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR. Mechi zake za nyumbani ilizicheza Kinshasa. Mji mzima ulizisikiliza redioni. Mtunza hazina hakukubaliana na neno hilo la kuzoea. Alisema kuzoea ndiko kulikofanya mambo mengine yawe mengi kuliko mafuta, na akamtaka mwalimu aandike maazimio kabla giza halijaingia, kwa sababu wa Alunguli lazima asikie kabla hajavuka.

Yakaandikwa gotini, kwenye kurasa za nyuma za daftari lile lile. Siku ijayo itaanza baada ya sala ya adhuhuri na kwisha kabla ya magharibi. Filamu itakuwa ya kwanza, mafuta yakiwa bado mengi, na atateuliwa mtu wa kuwasomea wengine maandishi ya skrini. Jaji akitoka, mashindano yasimame. Pointi zibandikwe ukutani jioni ile ile, na hesabu ya fedha ndani ya siku saba, pamoja na mambo mengine, yaelezwe moja moja. Taa ya pili itanunuliwa. Mwenyekiti, aliyefuata nyuma yetu bila kualikwa, alisema nusu ya bei ataitoa yeye. Msichana aliuliza nusu ya pili itatoka wapi na lini. Mtunza hazina akafungua daftari, akaandika tarehe, akamgeuzia asaini.